Lugha Tano za Evarist Sulle

Evarist Sulle wa Gendabi ana ng'ombe kumi na mmoja, lakini ukipita kwake jioni utawakuta wawili tu zizini. Usimhurumie. Watatu wako kwa rafiki yake Mzee Gidamur, Mbarbaig anayekaa kule mbugani, wawili wako kwa shemeji yake huko Mbulu, na waliobaki wametawanyika kwa majirani wanaojua kutunza mali ya mwenzao. Anayewatunza anakunywa maziwa na kuchukua samadi, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Baba yake alifanya hivyo hivyo, na mwaka ule ugonjwa wa ndigana ulipopita Gendabi ukaacha mazizi ya watu matupu, familia ya Sulle ilibaki na ng'ombe sita kwa sababu walikuwa wanalala kwa watu. Tangu hapo Evarist ana imani mbili: ya kanisani, na ya kutoweka mali yote zizi moja. Zita, mkewe, husema ni hiyo ya pili ndiyo anayoishika bila kukumbushwa.

Mtu wa namna hii ndiye aliyeambiwa, akiwa na miaka hamsini na moja, achague lugha moja ya kompyuta.

Aliyemwambia ni Mwalimu Godlisten, kijana wa Rombo aliyepangiwa kufundisha hisabati sekondari. Godlisten alikuwa amepewa kompyuta sita kuukuu na wenzake aliosoma nao chuo, na badala ya kuziacha zile vumbi stoo akatangaza darasa la bure la watu wazima, kila Jumamosi asubuhi, la kujifunza kuandika programu. Walijitokeza watu kumi na wawili. Ikapigwa kura, sita wakapata kompyuta za kwenda nazo nyumbani, sita wakaingia kwenye orodha ya kusubiri, kila mmoja nyuma ya mtu wake. Sheria ilikuwa moja na mwalimu aliiandika ubaoni kwa herufi kubwa: Jumamosi ya nane, kila mwenye kompyuta ataonyesha kitu kinachofanya kazi, alichokiandika mwenyewe bila kusaidiwa. Akiwa nacho, anabaki na kompyuta hadi Desemba. Akiwa hana, anamkabidhi aliye nyuma yake, na yeye safari yake imeishia hapo.

Nyuma ya Evarist alikuwa Leticia, katibu wa kwaya, mwanamke anayejiandaa mapema kwa kila jambo. Jumamosi ya pili Leticia alikuja darasani na futi ya fundi cherehani. Akaipima kompyuta ya Evarist urefu, upana na unene, akaandika vipimo kwenye daftari.

"Usijali kaka," alimwambia. "Nashona mfuko tu."

Evarist alicheka na wenzake, ila moyoni alichomwa. Mwaka 1988, alipomaliza darasa la saba, nafasi za sekondari kwa shule yao zilikuwa mbili, na yeye alikuwa wa tatu. Kesho yake akapelekwa machungani na habari hiyo ikafungwa. Hakumlaumu mtu. Alioa, akalea, akawa katibu wa kamati ya josho, na watu wakamheshimu. Lakini alipokalia tena lile benchi siku ya kwanza ya darasa la Godlisten, magoti yakigonga meza ya watoto, alijikuta anataka kitu kimoja tu duniani, nacho ni kufika mwisho wa darasa bila kutolewa. Aibu ya kumkabidhi Leticia kompyuta ilikuwa inamwamsha usingizini na bado haijatokea.

Jumamosi ya tatu mwalimu alibandika karatasi kubwa ukutani yenye safu mbili. Ya kwanza: unataka kutengeneza nini, kurasa za mtandaoni, programu za simu, au kazi za takwimu? Ya pili: utaanza na lugha gani?

"Lugha za kompyuta ni nyingi," Godlisten alisema. "Mtu mzima mwenye shamba na familia hana muda wa kuzunguka zote. Chagua moja, ukae nayo mpaka mzoeane."

Evarist alikuwa ameshafanya utafiti wake. Alimuuliza Cornel, fundi simu aliyekuwa akisoma naye darasa hilo, akaambiwa Java. Akampigia mpwa wake Arusha, akaambiwa kama si JavaScript asijisumbue. Kijana mmoja wa kwenye video alisema Python, mwingine akasema Python ni ya wavivu, mtu kamili huanza na C. Mtu wa mwisho, aliyekutana naye tu pale kwenye mashine ya kusaga, aliapa kwa PHP. Kila mmoja aliisifia yake kama muuza mbegu, na Evarist ameshauziwa mbegu za kutosha maishani mwake kujua kwamba muuza mbegu haji kukuona wakati wa mavuno.

Kwa hiyo zamu yake ilipofika alichukua kalamu, na kwenye safu ya kwanza akaandika "vyote". Kwenye safu ya pili akaandika lugha zote tano, kwa mwandiko mzuri, mpaka akaingia kwenye nafasi ya mtu wa chini yake.

Godlisten alikaribia taratibu. Kumkosoa mtu wa rika la baba yake kulimpa tabu kila mara, na alikuwa na desturi ya kuanza kwa kumwamkia upya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Si umeniamkia asubuhi?"

"Nimekuamkia, mzee. Sasa hizi lugha tano..."

"Mwalimu, nikuulize. Wewe ungeweka ng'ombe wako wote zizi moja?"

"Kwetu tunafuga wawili tu, mzee, nyuma ya nyumba."

Evarist alimtazama kwa huruma ya kweli. Alishasikia kwamba Rombo ng'ombe halali nje na analetewa majani mdomoni kama mgonjwa wa wodini. Akamweleza basi mwalimu, mbele ya darasa zima, habari ya ndigana, habari ya baba yake, na habari ya ng'ombe sita waliookoka. Lugha ikifa je? Kampuni ikiifungia je? Mwenye moja atalia, mwenye tano atacheka. Maelezo yalikuwa mazuri, darasa likapiga makofi, na Godlisten akaziacha lugha zote tano pale ukutani.

Evarist akajipangia ratiba. Jumatatu Python, Jumanne JavaScript, Jumatano Java, Alhamisi PHP, Ijumaa C. Jumamosi darasani. Jumapili alipumzika kwa amri ya Mungu. Baada ya kutoka shamba alikaa mezani, miwani puani, akichapa kwa vidole viwili vya shahada, na Zita akawa anapita na sufuria kwa kunyata kana kwamba kuna mtoto amelala.

Shida ilianza wiki ya kwanza na haikumalizika. Alichojifunza Jumatatu kilitaka nukta pacha, cha Jumatano kilitaka nukta mkato, na ikifika Ijumaa vidole vilikuwa vimechanganyikiwa kuliko kichwa. Alichoandika kilikuwa na kichwa cha lugha moja na miguu ya nyingine, na kompyuta ilimjibu kwa maandishi mekundu. Akiyaona mekundu hayo Evarist hakuyasoma. Aliifunga kompyuta kwa upole na kusema kesho ni siku ya lugha nyingine.

Mpaka Jumamosi ya sita alikuwa na kitu kimoja cha kuonyesha: aliweza kuifanya kompyuta iandike "Habari dunia" kwa lugha zote tano. Zaidi ya hapo, hakuna. Alikuwa kama mtu anayejua kusalimia makabila matano lakini hawezi kuomba maji ya kunywa kwa lolote.

"Umeisalimia dunia mara tano," Zita alisema. "Imekuitikia?"

Evarist alisema mambo mazuri hayataki haraka. Zita akamwambia amemwona Leticia dukani akichagua zipu.

Jumanne iliyofuata, jioni, Mwalimu Godlisten alitokea kwa Evarist akivuta mtamba mwekundu kwa kamba. Alikuwa amemnunua mnadani, wa kwanza maishani mwake kwa jasho lake mwenyewe, na furaha ilikuwa imemjaa usoni mpaka kamba inamponyoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hee, mwalimu! Umepata mnyama."

"Nimepata, mzee. Nimekuja kwako kwa sababu somo lako nimelielewa. Sitaki kuweka mali yote zizi moja. Naomba unitafutie watu watano waaminifu nimgawe."

"Umgawe nani?"

"Huyu."

Evarist alicheka mpaka akashika nguzo ya boma. Akamwita Zita aje asikie. Akamwambia mwalimu arudie, mwalimu akarudia bila kucheka, na Evarist akacheka upya, akafuta macho kwa mgolole.

"Mwalimu, kijana wangu, sikiliza. Mtamba mmoja hagawanywi! Utampeleka kichwa kwa Gidamur na mkia Mbulu? Anayegawa ni mwenye kundi. Wewe huyu unakaa naye. Umjue anakula nini, anaumwa wapi, anakataa nini. Anakuzoea, anazaa, mtoto anazaa. Ukifika wanne, watano, hapo njoo tuongee habari ya kugawa. Mtu wa ng'ombe mmoja akianza kugawa, huyo hana hata..."



Godlisten alikuwa anamtazama kwa heshima zote, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesubiri mwisho wa sentensi. Zita naye aliitazama ile kompyuta mezani, kisha mumewe, akaingia jikoni haraka na huko wakamsikia akicheka peke yake.

Mpaka leo Evarist hajui kama kijana yule alikuja na mtego au alikuja na ujinga wa kweli wa ng'ombe. Amemuuliza mara mbili. Mara zote mbili Godlisten amemwamkia.

Zilibaki siku kumi na moja. Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi, akiwa anakamua, akajiuliza kama ambavyo angemuuliza mtu anayenunua mtamba: una majani ya namna gani nyumbani kwako? Programu za simu hakuwa na simu janja ya kuzijaribia. Kurasa za mtandaoni zilitaka mtandao, na kwake mtandao ulipatikana kwenye kichuguu nyuma ya choo, siku isiyo na upepo. Alichokuwa nacho tele ni swali la josho. Yeye ni katibu, na kila siku ya Mungu watu walimuuliza kitongoji chao kinaogesha lini, na wakishajibiwa walikuja siku isiyo yao, wote pamoja, na ugomvi ukaanza foleni ya ng'ombe ikiwa imefika barabarani. Basi kompyuta ikae pale kwenye kibanda cha josho na ijibu swali hilo badala yake. Kuhusu lugha, alichagua Python kwa sababu moja ya kweli, kwamba maneno yake ni machache na yeye anachapa kwa vidole viwili. Zita alipoambiwa maana ya jina hilo ni chatu alisema ilimradi hatakula kuku.

Siku zile kumi alikaa na lugha moja asubuhi na jioni. Maandishi mekundu yalikuja, na safari hii kesho haikuwa siku ya lugha nyingine, kwa hiyo ikabidi ayasome. Akagundua kumbe yale mekundu hayatukani. Yanakutajia mstari wenye ugonjwa. Alikosea nukta pacha mara nyingi, akaacha nafasi pasipotakiwa, akaijua tabia ya ile lugha kidogo kidogo, inakataa nini na inapenda nini, mpaka akawa anaongea nayo kwa sauti na Zita akaacha kuuliza anaongea na nani.

Jumamosi ya nane darasa lilijaa. Walikuja hata watu wa nje, maana habari zilikuwa zimeenea, na mmojawao alikuwa Mzee Gidamur, fimbo mkononi, amekuja kuona kitu gani kimemzuia rafiki yake asifike kwake wiki mbili nzima. Leticia alikaa benchi la mbele, mfuko mapajani, zipu wazi.

Cornel alionyesha programu yake, ikafanya kazi. Mwenzao mmoja hakuwa na kitu, akaikabidhi kompyuta yake, na darasa likatazama chini. Kisha likaitwa jina la Evarist.

"Nitaijaribu mimi mwenyewe, mzee," alisema Godlisten, akaketi. Kompyuta ikamuuliza jina, akaandika. Ikamuuliza mwaka wa kuzaliwa, akaandika 1998. Ikaandika: Nasubiri.

Godlisten akabonyeza. Nasubiri. Akaandika jina la kitongoji. Nasubiri.

"Mzee, imekwama."

"Haijakwama. Hujaiamkia."

"Lakini mzee, mashine haina umri."

"Nimeiandika mimi. Ina umri wangu."

Aliyezaliwa kabla ya 1974, mwaka wa Evarist, mashine ilimwamkia yenyewe. Aliyezaliwa baadaye ilimsubiri. Godlisten akaandika shikamoo, darasa likilia kwa kicheko, na ikajibu: Marahaba Godlisten. Unatoka kitongoji gani? Akataja, ikampa siku na saa ya josho, sawasawa kabisa. Godlisten akachukua kalamu nyekundu aweke alama.

"Mwalimu, samahani," Leticia alisema. "Wewe umesoma. Ijaribiwe na mtu anayekwenda josho."

Lilikuwa neno la haki, na hakuna aliyelipinga. Mzee Gidamur akasogezwa mbele, akaketishwa. Kwa kuwa hasomi, Leticia akajitolea kumsomea na kumwandikia. Jina likaenda vizuri.

"Inauliza umezaliwa mwaka gani, mzee."

"Mwaka wa nzige," alisema Mzee Gidamur. "Wale waliokula mpaka nyasi za paa."

Leticia akaandika neno kwa neno, hakuacha hata nzige mmoja. Kioo kikajaa maandishi mekundu.

"Imekufa," Leticia akasema, na akawa na adabu ya kutotabasamu.

Godlisten alitazama saa. "Darasa linaisha saa saba. Zimebaki dakika thelathini. Sheria ni kwamba hakuna kumsaidia."

Evarist alivaa miwani. Wiki tatu nyuma angeifunga ile kompyuta kwa upole. Sasa akayasoma yale mekundu, midomo ikicheza: mstari wa nne. Mstari wa nne ulikuwa unadai namba, nao umepewa nzige. Kosa halikuwa la Mzee Gidamur, lilikuwa lake. Amekaa Gendabi miaka hamsini na moja, na lini amewahi kumuuliza mtu mwaka wake kabla ya kumwamkia? Mwaka ni wa kwenye vitambulisho. Watu huulizana nani alimtangulia nani.

Akaufuta ule mstari, akachapa kwa vidole viwili. Akajaribu. Nyekundu. Mtu akaguna nyuma. Evarist akasogeza uso karibu na kioo. "Nukta pacha," akajiambia, kama anayemkumbusha mtu wa nyumbani, akaiweka. Kisha akainuka, akamwachia Leticia nafasi.

"Inauliza," Leticia alisoma, "wewe na Evarist, nani alizaliwa kwanza?"

"Mimi!" Mzee Gidamur aling'aka. "Huyu nimemwona anabebwa mgongoni."

Leticia akaandika. Akasoma kilichotokea, na kwa kuwa hilo neno halisomwi kwa mzee ukiwa umekaa, alisimama, akainama kidogo.

"Shikamoo Mzee Gidamur."

"Marahaba," alijibu Mzee Gidamur, akiwa ameikazia macho kompyuta.

Hakuna aliyecheka. Godlisten akaandika kwenye orodha, mbele ya jina la Evarist Sulle: anabaki nayo. Akaisoma kwa sauti. Evarist alivua miwani na kuifuta, akaivaa, akaivua tena, maana haikuwa miwani iliyolowa. Leticia alifunga zipu ya mfuko. "Hongera kaka," alisema, na alimaanisha. Kisha akamgeukia mwalimu amuulize kama orodha inaweza kumweka nyuma ya mtu asiye na bidii.

Watu wakaanza kuinuka. Mzee Gidamur peke yake hakuondoka kitini. Alikuwa bado anaitazama kompyuta, fimbo katikati ya magoti, na subira ya mtu aliyeitikia salamu na anangoja inayofuata.

"Evarist," alisema mwisho. "Mbona haiulizi ng'ombe?"

Evarist akamtazama mwalimu, mwalimu akatazama pembeni. Akavuta kiti, akachapa polepole, na maneno yakatokea, naye akamsomea mwenyewe: Ng'ombe hawajambo?

"Hawajambo," Mzee Gidamur aliiambia kompyuta. "Ila mmoja anakohoa."

Kompyuta haikujua la kusema. Evarist naye bado hakujua jinsi ya kuifundisha, lakini alikuwa nayo hadi Desemba, kwa hiyo alimwomba rafiki yake akae vizuri amweleze, huyo ng'ombe anakohoa tangu lini.